Mfamasia, Toka Nyuma ya Dirisha

Nenda hospitali yoyote ya wilaya saa tano asubuhi, siku ya kliniki ya presha na kisukari, usimame kando ya dirisha la dawa uangalie. Foleni imeshika ukuta mzima. Dirisha lenyewe lina nondo, au kioo chenye tundu dogo chini, na mgonjwa, hata awe bibi wa miaka sabini mwenye mgongo mbovu, analazimika kuinama ili asikie anachoambiwa. Mkono unachomoza tunduni na bahasha nne. "Hii moja mara tatu, hii moja usiku, hii nusu asubuhi, hii ukisikia maumivu. Anayefuata!" Bibi anakusanya bahasha zake, anasogea pembeni, anamwuliza mjukuu: amesemaje?

Fikiria kazi iliyotangulia maneno yale. Daktari ameshapima, maabara imeshasoma damu, serikali imeshalipia dawa, lori la Bohari ya Dawa limeshakula vumbi la kilomita mia kadhaa kuifikisha. Jasho la watu wote hao limebanwa lipite kwenye tundu la dirisha kwa sekunde kumi. Na anayelipitisha ni mtu aliyesomea dawa miaka minne chuo kikuu, akaongeza mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Au ni fundi dawa sanifu aliyekesha akisoma dozi, madhara na mwingiliano wa dawa mpaka akafaulu. Katika jengo zima hakuna anayeijua dawa ile kumzidi. Halafu kazi yake yote inaishia kupaza sauti, "Anayefuata!"

Mwenzangu mfamasia, nawe fundi dawa, nawe mtoa dawa wa duka la dawa muhimu kule kijijini, nakuandikia wewe. Vikao vyetu vimejaa manung'uniko. Madaktari hawatusikilizi. Mganga mfawidhi anatukumbuka dawa zikiisha tu. Ajira ni chache, ikama haijazwa, na vipo vituo ambako muuguzi anaacha wodi akatoe dawa kwa sababu hakuna mtu wa famasi. Yote hayo ni kweli na yanastahili kupiganiwa. Ila lipo moja lisilongoja kibali cha wizara wala bajeti ya mwaka ujao: namna unavyomkabidhi mgonjwa dawa yake, na namna unavyoisimamia dawa hiyo mbele ya wenzako wa taaluma nyingine. Nguvu ya famasi imelala hapo, na wa kuiamsha ni sisi.

Anza na presha, maana ndiyo inayotuumbua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kuwa wanalo. Hao hatuwaoni dirishani. Wanaojua ndio wa kwetu. Mzee amekuja kuchukua dawa. Fanya hivi mara moja tu uone: mtoe kwenye foleni, mkalishe kitini, mwamkie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Zile dawa za mwezi uliopita zimekwisha zote?"

"Ah, bado zipo. Nilipoona kichwa kimetulia nikaziweka akiba. Nakunywa nikijisikia vibaya."

Umeshajua jambo ambalo daktari hakulijua. Yeye ameona 180 kwa 110, akaongeza dawa ya pili, na huwezi kumlaumu: faili linasema mgonjwa anatumia ya kwanza kila siku. Huenda mzee huyu hana haja ya dawa ya pili hata kidogo. Ana haja ya mtu wa kumweleza kwamba presha haipigi hodi. Kichwa kinaweza kutulia kabisa huku mshipa wa ubongo ukikaribia kupasuka, na vidonge vile ni vya kila siku, awe mzima au awe anaumwa. Hayo yanachukua dakika tatu. Ukiongeza ya nne utamwuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, naye atachomoa mfukoni pakiti ya diklofenaki aliyoinunua mtaani kwa ajili ya magoti. Diklofenaki, ambayo yenyewe hupandisha presha na kuumiza figo! Sasa unacho cha kumpelekea daktari, na daktari anayempenda mgonjwa wake atakushukuru.

Wamarekani wawili, Hepler na Strand, waliandika mwaka 1990 makala iliyogeuza fikra za famasi duniani. Walichokisema ni chepesi kukitamka na kigumu kukitenda: mfamasia abebe dhamana ya matokeo ya dawa mwilini mwa mgonjwa, kuikabidhi tu hakutoshi. Vyuoni kwetu hoja hiyo inafundishwa, inatungiwa maswali, inajibiwa vizuri mno, kisha inaachwa hukohuko kwenye chumba cha mtihani. Ukiripoti kazini unakabidhiwa funguo za stoo, leja na kadi za mali, na baada ya miezi sita wewe mwenyewe unajitambulisha kuwa ni mtu wa stoo.

Nisieleweke kana kwamba naidharau stoo. Stoo inaokoa, na stoo inaua. Chukua oksitosini, sindano anayochomwa mama mara tu anapojifungua ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayoua wazazi wengi zaidi katika nchi kama zetu. Dawa hiyo inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Iache mezani wodi ya wazazi Dar es Salaam mwezi wa Februari, au kwenye friji linalokatikiwa umeme usiku bila mtu kujua, uone. Rangi haitabadilika. Lebo itakuwa ileile, tarehe ya kuisha muda itakuwa bado mbali. Kitakachokuwa kimeondoka ni nguvu yake. Mkunga atachoma, damu itaendelea, atachoma tena. Baadaye kikao cha kujadili vifo vya wazazi kitakaa na huenda kikaandika kwamba mama alichelewa kufika. Ni nani atakayenyoosha mkono aulize: chupa zile zilikaa wapi? Karatasi ya joto la friji iko wapi, na Jumapili ile aliijaza nani? Hilo ni swali la mfamasia, na asipokuwepo kikaoni haliulizwi.

Karatasi ile ya joto, yenye saini ya asubuhi na saini ya jioni, naiheshimu kuliko vyeti vingi vilivyotundikwa ukutani. Na kwa kuwa nimevitaja vyeti vya ukutani, tuseme ukweli unaouma. Wapo wafamasia waliokodisha majina yao. Cheti kimo ndani ya fremu nzuri, famasi iko katikati ya mji, mwenye cheti yuko mkoa mwingine kabisa na ajira yake, na kila mwisho wa mwezi simu inalia, hela imeingia. Dukani anauza kijana ambaye sifa yake kubwa ni kuwa mpwa wa mwenye duka. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 haikutungwa ili tuishi hivyo, na Baraza la Famasi limekuwa likikemea. Lakini iweke sheria kando kwanza, utazame tunachojifanyia wenyewe. Umemthibitishia mfanyabiashara, mtu anayehesabu kila shilingi, kwamba famasi inakwenda bila mfamasia na haipungukiwi na kitu. Kesho utamdai nyongeza kwa hoja gani? Utamwambia nini waziri kuhusu umuhimu wa wataalamu wa dawa, ikiwa umekwisha kuonyesha kwamba kinachotakiwa ni karatasi yako tu? Rudi dukani. Kama huwezi kuwepo, kishushe cheti, maana kijana aliyehitimu juzi na kushinda nyumbani bila ajira anaitaka nafasi hiyo.

Rudi, kwa sababu wakati wewe hupo mteja ameegemea kaunta na hana cheti cha daktari. "Nipe rangi mbili za mia tano." Vidonge viwili vitatu vya antibayotiki ambavyo havitamponya chochote, ila vitawapa vijidudu mazoezi ya kuishi na dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na kwamba kiwango cha vifo kilikuwa kikubwa zaidi upande wa magharibi wa Afrika kusini mwa Sahara. Usiseme huko ni mbali, wala kwamba ni bakteria peke yao. Hapa kwetu Karagwe, mkoani Kagera, watafiti wamekuta vimelea vya malaria vyenye mabadiliko yanayovichelewesha kufa kwa artemisini, nguzo ya dawa ya mseto. Nasi historia hiyo tunaijua vizuri. Klorokwini ilishindwa, tukahamia SP mwaka 2001. SP nayo ikachoka, tukahamia mseto mwishoni mwa mwaka 2006. Kila tulipohama, kulikuwa na watoto waliozikwa kabla hatujahama.

Najua jibu lako: nikimnyima, anavuka barabara anaenda duka la pili. Anaweza kwenda kweli. Lakini mnyime bila kumfukuza. "Kaka, unasumbuliwa na nini?" Koo na mafua. Tangu lini? Kuna homa? Unahema kwa shida? Mara nyingi sana utakuta ni virusi, ambavyo rangi mbili haivifanyi kitu. Mpe parasetamoli, mwelekeze kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, halafu mpe tarehe: "Ikifika Ijumaa hujapata nafuu, au ukianza kuhema kwa taabu, nenda kituo cha afya, usije tena kwangu." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomtenga mtaalamu na muuza bidhaa. Muuza bidhaa hamwambii mteja asirudi.

Na mama mwenye mtoto mwenye nimonia, aliyeandikiwa amoksilini ya unga? Usimpe chupa akaondoka nayo. Ifungue mbele yake. Igonge kwanza unga ulegee, tia maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tikisa, ongeza mpaka kwenye alama, tikisa tena. Mwonyeshe alama hiyo kwa kidole. Mpe kifaa cha kupimia na umwambie aache kijiko cha chai, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Kisha mwambie yeye akueleze jinsi atakavyompa mtoto usiku wa leo. Hapo ndipo utakaposikia yasiyotarajiwa: kwamba atamgawia na kaka yake anayekohoa, kwamba mtoto akichangamka siku ya pili dawa itahifadhiwa hadi atakapougua tena, ilhali dawa hiyo ikishachanganywa na maji huhesabiwa siku 7 tu kama haikai kwenye friji. Usipomwacha aseme, hutayasikia.

Asije mtu akakwambia kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, Tanzania ilianza jambo ambalo wengine walikuja kujifunza. Wakati huo vijiji vingi vilitegemea maduka ya dawa baridi. Kisheria yalikuwa na ruhusa ya dawa za kawaida tu. Kwa vitendo mengi yalikuwa yakiuza kila kitu, kwa kificho, mikononi mwa watu wasiofunzwa. Njia rahisi ingekuwa kuyafunga, wanavijiji wakabaki bila hata parasetamoli. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati ule ilichagua njia ngumu. Watoa dawa wakafundishwa darasani kwa wiki kadhaa, wenye maduka wakafundishwa nao, majengo yakawekewa viwango, ukaguzi ukashushwa hadi ngazi ya wilaya na kata, na orodha ya dawa zinazoruhusiwa ikapanuliwa kihalali, zikiwemo baadhi ya antibayotiki. Ndipo likazaliwa Duka la Dawa Muhimu, likaenea Tanzania Bara nzima. Uganda wakaja kujifunza, Liberia nao wakaanzisha la kwao.

Nani walikaa usiku wakiandika mitaala ile, wakipanda pikipiki kukagua rafu huko Mbinga na Tunduru? Kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa dawa. Mwaka 2018 mamlaka hiyohiyo, ambayo leo ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ikawa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa. Na Dodoma, mwaka 2014, ulianza mfumo wa mshitiri, ule wa Jazia: Bohari ikikosa dawa, kituo kinanunua kwa msambazaji mmoja wa mkoa aliyepatikana kwa zabuni, badala ya kila mganga mfawidhi kuhangaika mjini na bahasha ya fedha taslimu. Miaka minne baadaye ukapelekwa mikoa yote. Taaluma iliyofanya hayo inaweza kuongea na mgonjwa dakika nne.

Tena udhibiti huo hauko ofisini Dodoma peke yake. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa za maji za watoto nchini Gambia, zilizochafuliwa na kemikali za viwandani zinazoua figo. Watoto wasiopungua 66 walikufa. Shirika hilohilo lilishakadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya kumi haina ubora unaotakiwa au ni bandia. Habari ya namna ile huanza kwa mtu mmoja aliyeshangaa: mbona watoto hawa hawakojoi, na wote walikunywa dawa? Mtu huyo anaweza kuwa wewe, hapo dukani kwako, mama anaporudi na chupa nusu akisema mtoto amebadilika. Jaza fomu ya njano, ile ya kuripoti madhara ya dawa. Nasikia mkisema fomu zile hazijibiwi. Zijaze hivyohivyo, maana taarifa moja ni tetesi, na taarifa ishirini za dawa moja, namba moja ya toleo, kutoka wilaya tofauti, ni ushahidi wa kuiondoa dawa sokoni.

Sasa twende mahali ambapo wengi wetu tunapaogopa: wodini.

Raundi inapita kitanda kwa kitanda. Daktari bingwa mbele, madaktari wa mafunzo nyuma yake, muuguzi na faili. Mfamasia hayupo, au yupo mwisho kabisa wa msafara, amekumbatia daftari asilolifungua. Hebu tazama kitanda cha sita. Mgonjwa ana kifua kikuu, ameanzishiwa dawa zenye rifampisini. Ana virusi vya Ukimwi pia, na yuko kwenye kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri. Rifampisini huishusha dolutegraviri kwenye damu. Mgonjwa huyu anatakiwa aongezewe miligramu 50 za dolutegraviri baada ya saa 12, kila siku, hadi wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini. Ikisahaulika, virusi vinapata mwanya. Kitanda cha tisa, mzee anachomwa gentamaisini siku ya tano na kreatinini yake ya juzi inapanda. Hakuna aliyeunganisha karatasi ya maabara na karatasi ya sindano. Kitanda cha kumi na moja, dada wa miaka ishirini na minane ana presha, ameandikiwa enalaprili, na katika ukurasa wa pili wa faili, mwandiko wa muuguzi unasema ana ujauzito wa miezi minne. Dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni.

Hakuna mzembe katika hadithi hiyo. Daktari ana wagonjwa arobaini na usiku hakulala. Anahitaji jicho la pili, jicho linalotazama dawa peke yake. Wewe ndiye jicho hilo. Muhimbili wanafundisha shahada ya uzamili ya famasi ya hospitali na tiba kwa ajili hiyohiyo, lakini usisubiri uzamili ndipo uone kwamba kreatinini imepanda.

Utaogopa, na una sababu. Wapo mabingwa wakali. Ukifika siku ya kwanza ukasema mbele ya wanafunzi, "Daktari umekosea," umeizika famasi ya hospitali hiyo kwa miaka mitano. Heshima ya utumishi inatufundisha vingine. Mfuate pembeni baada ya kitanda, au mwulize kwa namna inayompa nafasi: "Daktari, nimeona kreatinini ya juzi imefika hapa. Unaonaje tukibadilisha, au turefushe muda kati ya dozi? Nimeshapiga hesabu." Kuwa na hesabu hiyo mkononi. Kuwa na mwongozo wa taifa wa matibabu mfukoni, na ujue ukurasa. Bingwa atakujaribu kwa swali gumu. Usipolijua, sema nitakuletea jibu saa nane, na saa nane uwe umefika na jibu. Akizoea majibu yako, siku usipokuwepo atauliza mfamasia yuko wapi, na swali hilo likisikika mbele ya mganga mfawidhi lina uzito kuliko waraka wowote wa chama chetu.

Kila unachofanya, kiandike. Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Muuguzi ana ripoti yake ya zamu, maabara ina rejista yake. Mfamasia aliyezuia sumu asubuhi hii anaondoka jioni bila alama yoyote. Nunua daftari la kaunta. Tarehe, namba ya kitanda bila jina, tatizo ulilolikuta, ulichopendekeza, kilichokubaliwa, gharama iliyookolewa kama ipo. Miezi mitatu ikipita, lipeleke kwenye Kamati ya Dawa na Tiba. Waonyeshe sindano ngapi za seftriaksoni zilibadilishwa kuwa vidonge mgonjwa alipoanza kula, na fedha iliyobaki. Mganga mfawidhi anayelia na bajeti atalisoma daftari hilo mara mbili.

Afrika Kusini walifika mbali kwa njia hiyo ya ushahidi na mafunzo. Baraza lao la famasi liliandaa mpango wa kuwaruhusu wafamasia wenye mafunzo ya ziada kuanzisha dawa za kuzuia na kutibu VVU, ili mtu apate huduma kwenye famasi ya mtaani kwake. Chama kimoja cha madaktari kikaenda mahakamani kupinga. Mwaka 2023 Mahakama Kuu mjini Pretoria ikalitupa pingamizi hilo. Na jirani zetu wa magharibi mwa Kenya, wafamasia wa mpango wa AMPATH wenye makao Eldoret, walichoka kuwaambia wagonjwa "dawa hakuna." Wakaanzisha famasi za mfuko wa mzunguko ndani ya maeneo ya vituo vya umma: famasi ya serikali ikiishiwa, mgonjwa anatembea hatua chache, ananunua kwa bei nafuu, na fedha hiyo inarudi kununua dawa nyingine. Hao walikuwa wafamasia waliokaa chini wakapiga hesabu za mzunguko wa fedha. Stoo na mgonjwa vilikutana.

Upande wa fedha na kwetu kuna mlango unafunguka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kadiri watu wengi zaidi watakavyokuwa na bima, ndivyo mlipaji atakavyotaka kujua fedha yake imenunua nini. Leo bima inalipia kidonge. Ushauri ule wa dakika nne uliomzuia mzee asipate kiharusi haumo kwenye orodha ya bei, kwa hiyo machoni pa mlipaji haupo. Viongozi wa chama chetu wana kazi ya kuusukuma uingie, na daftari lako ndilo wanalolihitaji mkononi. Hakuna mfuko wa bima utakaolipia huduma ambayo wenye kuitoa hawawezi kuonyesha kwamba waliitoa.

Nawe mganga mfawidhi, kama umeisoma makala hii hadi hapa, tunakuomba vitu vidogo. Viti viwili na meza kwenye kona yenye faragha, kwa sababu hakuna mwanamume atakayekueleza madhara ya dawa ya presha chumbani kwake mbele ya foleni ya watu sitini. Nafasi ya mfamasia kwenye raundi na kwenye kikao cha vifo vya wazazi. Mhudumu wa kupanga maboksi, ili aliyesomea dawa asishinde siku nzima akibeba katoni.

Kwako wewe kijana uliyeripoti kituoni wiki iliyopita, na ukakuta mwenzako mzoefu anakwambia hapa sisi tunatoa dawa tu, hayo ya wodini ni ya vitabuni: msalimie kwa heshima, mwachie zamu yake ikiwa safi, leja ikiwa imelingana na rafu. Kisha omba ruhusa ya wodi moja tu, asubuhi moja kwa wiki. Chagua wodi ambayo daktari wake anapenda kufundisha, wapo. Raundi ya Jumatatu huanza saa mbili. Fika saa moja, chukua mafaili, soma karatasi za dawa na majibu ya maabara ya kila kitanda, weka alama kwa penseli penye shaka. Daktari akiingia, simama karibu na faili, na daftari likiwa wazi.